Mama Mkubwa na Wiski ya Pipa la Sheri

Tangu mafua makali yamlaze mwanzoni mwa mwaka, mama mkubwa alikuwa hasikii harufu. Maharage yaliungua mbele yake huku akitusimulia habari za harusi, wala hakushtuka. Lakini kilichomuuma zaidi ni uraka, ile pombe ya mabibo tunayotengeneza msimu wa korosho. Miaka yote alijua kwa pua tu kama imeiva. Mwaka huu mabibo yalioza chini ya mikorosho.

“Nitengeneze kitu nisichokisikia?” aliniambia. Yeye ndiye aliyenilea hapo Kilangala, na kumwona amekaa bure msimu wa mabibo kulinihuzunisha sana.

Kazi ikanipeleka Uskoti, na siku ya mapumziko wenyeji wakatutembeza kiwanda cha wiski. Wanatumia shayiri tupu, kisha wanailaza wiski miaka na miaka kwenye mapipa ya mwaloni yaliyowahi kutiwa mvinyo wa sheri. Tulipofunguliwa pipa moja, baadhi ya wenzangu wa kazini walisema linanukia zabibu, wengine chungwa. Mimi nilisikia jiko la mama mkubwa. Nikanunua chupa, nikakataa kuionja mpaka nifike nyumbani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda, huko hawapiki?”

Nilimimina kwenye kikombe cha kahawa, nikampa kwa mikono miwili, nikijiona nina adabu kweli kweli. Akakirudisha.

“Umeshasahau kwenu? Mwenye pombe anaanza yeye, atoe sumu.”

Ni kweli, nilisahau. Kwetu hakuna anayegusa pombe kabla aliyeileta hajainywa watu wakimwona. Basi nikapiga funda kubwa, kama la uraka. Lo! Koo liliwaka moto, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Mama mkubwa alicheka hadi khanga ikamdondoka begani.

“Hiyo sumu haijatoka yote,” akasema, akakichukua kikombe.

Akaonja kidogo. Akakisogeza puani, akavuta pumzi.

“Inachoma tu.”

Nikamwambia aache, si lazima. Akanizuia kwa mkono, akanusa tena, taratibu, macho ameyafumba.

“Mabibo makavu,” akasema polepole. “Yale tunayoanika juu ya bati. Na asali… ngoja, ngoja, na moshi wa kuni!”

Hapo hakushikika tena. Alinusa khanga yake, akanusa mkeka, akachuma jani la mchaichai uani akalifikicha na kulinusa huku anacheka peke yake. Kisha akanivuta shingoni na kunusa shati nililosafiri nalo tangu Ulaya.

“Mwanangu,” akasema, “unanuka! Nenda kaoge.”

Sijawahi kufurahia kusemwa namna ile. Nilibeba ndoo mpaka bafuni, nikajimwagia maji huku nalia kwa furaha.