Fundi Aliyepunguza Magauni ya Mkewe

Saa tatu asubuhi, cherehani inanyamaza katikati ya kola ya shati. Uzi wa chini umekwisha. Fundi anavua miwani, anasukuma kiti nyuma na kuinuka, magoti yakilalamika kama bawaba zenye kutu.

"Umekwisha?" anauliza mkewe, ambaye ameketi kando ya mlango akichambua vifungo kwa vidole.

"Umekwisha."

"Haya, nishike. Na leo usiniburute, mimi si jora la kitambaa."

Wanatoka wameshikana mikono. Wanampita fundi viatu, wanampita kinyozi, wanafika kwenye bomba la maji mwisho wa uchochoro, kisha wanageuka. Kinyozi hana siku anayonyamaza. "Maharusi hao wanapita," anasema. Mkewe anamjibu bila hata kugeuza shingo: "Wewe nyoa. Utamtoa mtu sikio."

Wakirudi, fundi anajaza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo kinachokaa tumboni mwa cherehani, na kazi inaendelea hadi uishe tena. Ndivyo siku yao inavyokwenda, kushona na kutembea, kushona na kutembea.

Mtaani anaitwa Fundi Pindo, kwa sababu pindo la suruali aliloshona yeye hufumuka suruali yenyewe ikishakufa. Ana miaka sitini na mmoja, na zaidi ya arobaini kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti kimoja.

Watu wengine nguo zao huwaonya. Suruali ikibana, au kifungo kikiruka mbele ya wakwe, mtu anajua tumbo limeanza kujitawala. Fundi Pindo hakuwahi kuonywa. Kiuno kilipombana, alifumua mshono wa nyuma, akaachia kitambaa kidogo, akapiga pasi, akatoka nadhifu. Kitambaa cha akiba kilipokwisha, aliunga kipande.

"Suruali zangu zote zilinitosha," anasema. "Kwa hiyo kwa hesabu zangu sikunenepa hata siku moja."

Hilo la suruali analicheka. La magauni hawezi.

Mkewe alipoanza kupungua, alimletea gauni moja. "Baba, hili limelegea, nibanie." Akabana. Likaja la pili, akabana. Mwishowe karibu kabati zima lilikuwa limepita chini ya sindano. Majirani walimsifu mama kwa umbo, na fundi akajisifu kwa mkono wake.

"Nilikuwa nakunywa maji mpaka mtungi unanionea huruma," mama anadakia kutoka mlangoni, "na huyu ananiambia nimerudi usichana."

"Ulikuwa umerudi."

"Nilikuwa naondoka, Baba. Hukunitazama vizuri."

Fundi anainamisha kichwa. Anakuwa kama anatafuta sindano sakafuni, lakini sindano anayo mkononi.

"Mikono yangu ilijua," anasema baadaye, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie, ingawa anasikia. "Ilipunguza upana wa vidole viwili hapa, vitatu pale. Mdomo ndio haukuuliza. Laiti angekuwa mteja wa kawaida, ningemuuliza, 'Mama, mbona unaisha?' Lakini mke wa ndani, unamwona kila siku, humwoni."

Walikwenda hospitali siku mama alipomimina chai nje ya kikombe na kusema kikombe ndicho kimesogea. Sukari ilikuwa juu sana, na macho yalikuwa yameharibika kwa kiasi kisichorudi. Daktari akauliza alianza kukonda lini. Fundi hakujua tarehe. Alijibu kwa magauni: la maua lilibanwa kabla ya mvua, la buluu baada ya mvua, la harusi ya binti yao likabanwa mara mbili. Daktari aliacha kuandika, akamtazama.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Wa Fundi Pindo hakusubiri zamu yake. Kahamia nyumbani moja kwa moja, na hata kulala analala kati yao.

Mama sasa huona mwanga na kivuli. Fundi ndiye anayempimia dawa, anayemwambia kama kitenge alichovaa kimegeuka, anayemtajia nani anapita njiani. Basi mwaka jana, tundu la sindano lilipoanza kumkimbia, hakubisha. Alikwenda kupimwa. Naye ana sukari.

"Macho haya yanatumiwa na watu wawili," anasema. "Yakizima, nyumba nzima imezima."

Alianza kwa kishindo, kama waanzavyo wengi. Alinunua raba nyeupe, akatangaza mtaa mzima kwamba atakimbia kila alfajiri, akatupa hadi kopo la sukari. Alikimbia wiki moja na kidogo. Mvua ikanyesha asubuhi moja, akalala. Kesho yake hapakuwa na mvua, akalala vilevile. Raba leo kazi yake ni kuzuia mlango usigongwe na upepo.

Aliporudi kliniki alijiandaa kutukanwa. Muuguzi, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, hakumtukana.

"Mzee, hukukosa moyo," alimwambia. "Ulibeba kitu kikubwa, ukakiweka mahali ambapo miguu yako haipiti. Tabia haishikiki hivyo. Chukua kitu kidogo, ukifunge kwenye jambo unalolifanya tayari. Kazini kwako ni nini kinachokusimamisha hata usipotaka?"

Fundi akafikiri. "Uzi wa chini ukiisha."

"Basi ukiisha, usijaze kwanza. Tembea, ndipo ujaze. Ukikosa mara moja, si kitu. Ukikosa tena na tena, ujue unajifunza tabia ya kukosa. Na usitegemee wiki. Ni suala la miezi, mpaka siku miguu itakapoinuka kabla kichwa hakijakumbuka."

Jambo likaonekana jepesi, na fundi akalifanyia ufundi. Asubuhi alijaza bobini nyingi, akazipanga kwenye kopo pembeni. Moja ikiisha anachomeka nyingine, na kiti hakijui kama kuna safari. Alifikiri ni siri yake.

"Baba," mama alimwuliza siku ya tatu, "huo uzi wa leo umesokotwa na malaika? Tangu asubuhi haujaisha."

"Ni uzi mzuri."

"Nimepoteza macho, sikupoteza masikio. Leta hilo kopo hapa."

Kopo likahamia mapajani mwa mama, na bobini siku hizi ni moja tu. Mama ndiye aliyeomba aongozane naye, kwa sababu anasema mume anayedanganya cherehani atadanganya hata bomba la maji. Nguo zilizokuwa zikikamilika nne kwa siku sasa ni tatu, na wateja wananung'unika. Lakini vipimo vya fundi vimeanza kushuka, na juzi, katikati ya mazungumzo na mteja, alijikuta amesimama mlangoni na mkono wa mkewe mkononi, hajui aliinuka saa ngapi.

Tabia nyingine hakuifundishwa na mtu. Anayeleta nguo kupunguzwa kwa mara ya pili, fundi humwuliza kama amepimwa. Mwezi uliopita dada mmoja aliyeleta sketi alimkazia macho. "Nimekuja kwa fundi au kwa daktari?" Akachukua sketi yake, akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Hajarudi. Fundi humtafuta kwa macho kila anapotoka, na hajui kama sketi ile imebanwa tena.

Ukimwuliza anataka nini mbele ya safari, hasemi duka jipya wala cherehani ya umeme.

"Nataka nimzike huyu mwanamke," anasema.

Mama anacheka mpaka vifungo vinamwagika. "Mwanamume gani anaomba kumzika mkewe?"

Fundi hacheki. "Ukinizika wewe, nani atakushika mkono kukutoa makaburini?"

Mama anapapasa hewani mpaka anaupata mkono wa mumewe.

"Basi inuka," anasema. "Tutembee."