Nilivyopeleka Posa Kaole na Kizibao cha Mchanga

Nimejicheka mwenyewe hadi nimechoka, kwa hiyo nyinyi chekeni tu, sitanuna. Aibu niliyoipata Kaole siku ya posa sikurogwa wala sikusukumwa, niliinunua kwa pesa yangu na nikaivaa mwenyewe kifuani, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, fundi wa majokofu ninayeheshimika Bagamoyo nzima, ambaye kutwa nawasuta wateja kwa kupenda vya rahisi.

Ilianza na kitambi. Nilijiunga na kikundi cha mbio za pole cha Jumamosi asubuhi (kikundi chenyewe watu wanakimbia dakika kumi, wanapiga picha saa nzima), na mle kulikuwa na wenzangu watatu wanaovaa vizibao vya uzito, vile vya kubana kifuani, ili mwili ufanye kazi zaidi wakati wa kutembea. Nami nikaona bila kizibao si mtu. Mwalimu wetu wa mazoezi, binti mmoja anaitwa Rehema, akaniambia kwa adabu, "Mjomba, wewe ndiyo unaanza, chukua cha kilo tatu, nne zikizidi sana, kikukae vizuri na uweze kukivua mwenyewe." Nikamwambia ahsante mwanangu, na ushauri wake nikauacha palepale uwanjani.

Kwa muuzaji wa Kerege nilikuta viwili. Cha kwanza cha kilo nne, kimeshonwa kikashoneka, kina vyuma vidogo vya kuchomoa na mikanda ya kulegeza ubavuni. Cha pili cha kilo kumi, kimejazwa mchanga, zipu mbele, bei yake nusu ya mwenzake. Akili yangu ikapiga hesabu za mtu anayenunua mchele: kilo nyingi, bei ndogo, sasa hapo unafikiria nini? Hata muuzaji, ambaye anataka kuuza, alinionea huruma.

"Mzee, hicho ni cha waliozoea."

"Kwani mimi mtoto wa juzi?" nikamjibu, na kifua nikakitunisha (kifua gani, lilikuwa tumbo limepanda juu).

Sasa siku hiyohiyo, baada ya alasiri, nilitakiwa kuwa mshenga. Haruni, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka sita, alikuwa amempenda binti wa Kaole anaitwa Zulfa, na watu wa kwao ni watu wa adabu, hawana mchezo. Mtu mwenye akili angekaa, akapanga maneno yake. Mimi nikasema ngoja nikijaribu kizibao, dakika tano tu. Nikavuta pumzi, nikabana tumbo, nikapandisha zipu hadi shingoni. Kuteremsha, haiteremki. Nikapaka mafuta ya nazi, nikalala chali, nikajikunja kama kamba mwenye homa, wapi! Kukivulia kichwani nako tumbo likakataa.

Mke wangu Mwanaidi akaja na mkasi. "Baba Salma, simama nikikate hicho kigunia."

"Ukate kitu kipya? Hakijamaliza hata siku!"

Na hapo ndipo nilipojimaliza, maana nje kaka yangu Kibwana alishaanza kupiga honi ya bajaji, nami badala ya kukubali mkasi nikachukua kanzu, nikaivaa juu yake, nikavaa kofia, tukaenda.

Kwa wenyewe tulipokelewa vizuri, tukakalishwa mkekani, ikaja halwa na kahawa. Baba yake Zulfa, Mzee Mwinyimvua, alikaa mbele yangu, na pembeni bibi yake Zulfa, Bi. Tatu, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopepesa. Nikaanza kusema. "Tumekuja... kuomba... undugu..." Kila neno nalivuta kama ndoo ya kisimani. Jasho linatiririka hadi kwenye nyusi.

"Mshenga, una pumu?" akauliza Mzee Mwinyimvua.

"Ni furaha, shemeji," akadakia Kibwana, muongo asiye na aibu.

Bi. Tatu akasema, na wala hakushusha sauti, "Kama ni ugonjwa wa ukoo tuambiwe mapema."

Niliposikia ukoo unatajwa nikaona hapa posa ya mtoto wangu inazama. Nikataka niinuke, nimpe mzee barua ya posa kwa heshima, mkono kwa mkono. Nikaegemea goti, nikajisukuma, kilo kumi zikanivuta nyuma, nikarudi chini puu! Ubavuni kukalia praa, na mchanga ukaanza kumwagika chini ya kanzu, unatambaa mkekani, hauna haraka, hadi kwenye sinia ya halwa.

Bi. Tatu akasimama. "Astaghfirullahi! Huyu ametuletea mchanga wa makaburini!"

Na mimi ningemlaumu vipi? Kijiji chenye makaburi ya kale pale karibu, mgeni anaingia kuposa, mwili wake unatoa mchanga, wewe ungefikiri ni mazoezi? Mlangoni kukajaa shangazi. Huko ndani nikamsikia Zulfa akilia. Kibwana, yule muongo hodari, akabaki anazoa mchanga kwa viganja.

Ikabidi nivue kanzu. Mbele ya wakwe, mshenga mzima, nimebaki na msuli kiunoni na kigunia cheusi kinachovuja. "Ni kizibao cha mazoezi," nikasema. "Zipu imegoma."

Bi. Tatu akanizunguka mara mbili, akaenda jikoni, akarudi na kisu cha kuparia samaki, akanipasua kuanzia shingoni hadi kitovuni kama anafungua changu, huku anasema, "Mwanamume mzima! Umelipa pesa kubeba mchanga, na pwani yote hii ya bure!" Mlango mzima ukaangua kicheko, na kicheko hicho, wallahi, ndicho kilichomwokoa Haruni, maana watu hawawezi kumwogopa mchawi wanayemcheka.

Mzee Mwinyimvua alijifuta machozi, akapokea barua. "Kijana tutamfikiria vizuri," akasema. "Ila siku ya kuja kuchukua jibu, tuleteeni mshenga mwingine."

Jibu likaja kuwa ndiyo, akalichukua Kibwana, na leo Haruni na Zulfa wana mtoto. Mimi nimeapa: ukianza mazoezi, anza na kidogo unachokimudu, na usivae kitu usichoweza kukivua mwenyewe. Siku hizi natembea kila alfajiri na kitambi changu peke yake, nacho kinanitosha. Isipokuwa Kaole. Kule nikialikwa, naumwa.