Ndugu Yangu na Koo za Maneno

Majuzi hapa Nyeri, nikimenya viazi jikoni, nilimsikia mjukuu wangu akiimba maneno ya Kiingereza aliyofunzwa shuleni: "Rain, train, pain." Nikaweka kisu chini, nikatoka nje, nikalia. Maskini, alidhani ameniudhi.

Ngoja nikueleze. Nilikulia Kangema, Uhuru ukiwa bado mchanga, wakati kila mzazi aliamini Kiingereza ndicho kitakachomtoa mwanawe shambani. Asubuhi tulianza kwa kuchuma chai, vidole vimekufa ganzi kwa umande, halafu tukala viazi vitamu vya jana na kukimbia shule. Tulilelewa na nyanya, mimi na ndugu yangu mdogo, na ndugu yangu alikuwa na kigugumizi kibaya. Akitumwa chumvi dukani alirudi mikono mitupu, kwa sababu neno lilimkwama kooni na wenye haraka wakampita. Majirani walishauri atumwe kila siku, ati atazoea. Hakuzoea. Alijifunza kuonyesha kwa kidole.

Kisha akaja mwalimu mmoja kutoka magharibi mwa Kenya, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alitufundisha kwamba maneno ya Kiingereza yana koo kama sisi: yanayoishia kwa sauti moja ni ndugu, ila kila ndugu ana tabia yake. Tuliimba tukipiga makofi: "light" ni mwanga, "night" ni usiku, "fight" ni kupigana, "right" ni haki. Siku moja, katikati ya wimbo, alitunyamazisha wote akamwacha ndugu yangu aendelee peke yake. Aliimba ukoo mzima bila kukwama. Mwenyewe alishtuka, akajishika mdomo.

Mwalimu hakumsifu sana. Alimwambia tu, "Usiende mbio. Shika mkono ya neno ya kwanza, hao wengine watakufuata."

Basi nyumba yetu ikakosa utulivu. Kila alichotaka kusema alikitanguliza na ukoo. Dukani aligonga kaunta kwa vidole, "Rain, train, pain, nipe chumvi," na chumvi akapewa. Kwenye mistari ya chai alinisimulia ndoto zake, akawasengenya kuku wa jirani, akauliza kwa nini Mlima Kenya hujificha jua likipanda. Nyanya hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini jioni alimpigia mdundo kwa mwiko kwenye sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, huku akicheka hadi machozi. Sijapata kuwa na furaha kama ile tena, na nimezaa, nimeozesha.

Mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa. Aliyekuja baada yake alitaka sentensi kamili, tena upesi, kwa sababu mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu. Ndugu yangu alipoanza na ukoo wake, darasa lilicheka na fimbo ikafuata. Ikawa hivyo kila siku. Nyanya alijifunga leso, akaenda hadi mlango wa darasa na Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, hii kijana yangu iko na maneno mingi ndani. Ngojea yeye kidogo tu."

"Mama, mtihani haingojangi mtu."

Nyanya alirudi nyumbani amemshika ndugu yangu mkono, na huo ukawa mwisho wa shule yake. Akaziacha na koo zake zote za maneno. Jioni nyingi nyanya aligonga sufuria kwa mwiko akimwangalia, naye akatikisa kichwa tu.

Siku hizi shule ile ni ya mawe na vioo, na nyanya alishaondoka duniani. Ndugu yangu alizeeka kwenye chai, mume mwema, mtu wa kuitikia kwa kichwa. Kila nilipompigia simu nilimsikia akipumua, akijaribu, kisha akampa mkewe. Jambo hilo limeniuma maisha yangu yote.

Alipofariki, siku tuliyomzika, wageni walipokwisha kuondoka, mkewe alikuja kuketi nami jikoni.

"Dada, nyinyi mlikua pamoja. Aliwahi kuongea?"

Nikamwambia aliongea mchana kutwa, mpaka tukamwomba apumzike. Halafu akavuta kiti karibu, akaniomba nimwambie alikuwa akisema nini.