Gome la Upande wa Mawio

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne kule Akheri, mama yangu aliota uvimbe kwenye titi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Arusha mjini yalijaa mitumba na redio za kila namna, lakini hospitalini walimwambia dawa hakuna, arudi nyumbani apumzike. Sisi watoto tulidhani kupumzika ni jambo jema.

Bibi, mama yake mama, hakukubali. Aliujua mti mmoja msituni ambao gome lake, likibanduliwa upande wa mawio, huzuia uvimbe usizae. Alilibandua mwenyewe asubuhi, akalifunga kwenye jani la mgomba na kunipa nitangulie nalo nyumbani, maana miguu yake ilikuwa mizito.

"Usimsalimie mtu njiani," alinionya. "Ukifungua mdomo tu, dawa imekufa."

Kwenye shamba la kahawa la jirani nikakutana ana kwa ana na mzee wa kanisa. Jamani, mtoto wa Kimeru ampite mzee kimya? Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama anaendeleaje?"

"Hajambo."

Jioni, akikoroga sufuria, bibi aliniuliza kama nilisema na mtu. Nikakana. Mama aliunywa ule uchungu wote bila kukunja uso, akatuambia anasikia nafuu. Kabla kahawa hazijaiva, tukamzika kando ya migomba.

"Nilikosea upande," bibi alisema siku ile ya msiba. "Macho yangu haya! Nimemuua mwanangu."

Nilikuwa nimemwegemea begani. Sikuitaja ile salamu, na niliogopa kuliko nilivyolia.

Leo mimi ni mfamasia, nina duka la dawa Engutoto. Bibi hakuwa mjinga: ipo kweli mimea yenye kemikali zinazozuia seli za saratani kugawanyika, na baadhi yake hospitali huwatundikia wagonjwa kwenye dripu. Lakini hizo huchujwa, husafishwa na kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Gome lile la kuchemsha, hata kama lingefika bila salamu, lisingemwokoa mama.

Basi si mimi niliyemuua, wala si bibi. Hilo nalijua vizuri, na halinisaidii kitu. Aliyehitaji kulisikia ni bibi, naye alikufa akimwomba mwanawe msamaha, mimi nikiwa nimemshika mkono, nikimwambia alale tu.