Kava Langu la Pikapu na Matairi ya Beka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliegemea pikapu yangu pale kijiweni kwetu Kariakoo, nikalipiga kava la bodi, ule mfuniko wa sehemu ya mzigo, kwa kiganja, nikawaambia madereva wenzangu kwamba yeyote anayetembea na bodi wazi anachoma mafuta bure. Walinisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba walinisikiliza.

Ngoja kwanza nikwambie mimi ni nani, maana unasoma maneno ya mtu usiyemjua. Nimesoma mpaka darasa la tatu, kule Newala. Nilipofika Dar nilibeba mizigo kichwani, nikasukuma mkokoteni, nikaosha magari ya watu, na kuendesha nilijifunza kwa kuyasogeza hayo hayo niliyoyaosha. Pikapu yangu ya kwanza niliinunua kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Sisemi haya ili unionee huruma. Najivunia, na sitaacha kujivunia. Lakini mtu aliyejitengeneza mwenyewe ana ugonjwa wake: akifanikiwa mara moja, anaona kila kinachomjia kichwani ni kweli. Mimi niliugua sana.

Kazi yangu ilikuwa mizigo ya kukodi. Asubuhi nachukua makreti ya samaki Feri napeleka Upanga, mchana napakia marobota ya mitumba kwenye stoo za Kariakoo napeleka Mchikichini. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Elia, Mchaga wa Rombo, mwanamke wa maneno machache na mzigo mwingi. Marobota yake tulikuwa tunayapanga matatu kwenda juu, tunafunga kamba, gari linainama nyuma kama limechoka.

Sasa siku moja nikaingia duka la spea, nikaona kava gumu, jeusi, la kufunga kwa ufunguo. Muuzaji akanieleza. Upepo, alisema, unaingia kwenye bodi, unagonga mlango wa nyuma, unalivuta gari kama mtu aliyekushika shati kwa nyuma. Ukifunika bodi, upepo unateleza juu unaenda zake, na mafuta yanabaki kwenye tangi. Maneno mazuri namna hiyo hata wewe ungenunua. Nikanunua.

Na kweli, mwanangu, mafuta yalipungua. Sikuwadanganya watu. Zamani nilikuwa naongeza kila asubuhi, sasa naenda siku na nusu na mshale wa geji bado haujalala. Wiki mbili nikauangalia huo mshale, nikaridhika, ndipo nikawakusanya wenzangu na kuwahubiria. Wakanipa jina papo hapo, Profesa. Nikalipenda.

Kati ya walionisikiliza alikuwapo Beka, rafiki yangu, mdogo kwangu kidogo. Pikapu yake ilikuwa nzee kuliko yangu, na matairi yake yote manne yalikuwa vipara, unaweza kujitazama uso. Alikuwa anabeba mihogo kutoka Mkuranga, mara nyingi mkewe kakaa mbele na mtoto mapajani, na masika yalikuwa yanakaribia. Fedha ya matairi alikuwa ameshaitafuta, anayo. Akaniuliza mbele ya wote.

"Kaka Saidi, nikianza na kava, mafuta nitakayookoa yatanipa matairi ndani ya miezi miwili?"

"Miwili mingi," nikamjibu. "Mwezi na nusu."

Sikujua ninachosema. Nilisema kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Pale kijiweni tulikuwa na mwenyekiti wa maegesho, Mzee Chilala, mtu wa Lindi, aliyeendesha malori miaka mingi kabla mimi sijashika usukani. Siku ya mahubiri yangu alikuwapo, amekaa kwenye benchi na kahawa yake. Kesho yake akanisubiri nimalize kupakua, akaniita pembeni ambako hakuna wa kutusikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo, Profesa. Nieleze, mafuta unaweka kiasi gani?"

"Ya elfu kumi mzee, kama wote."

"Tangi umewahi kulijaza likafika shingoni?"

"Tangu ninunue gari, hapana."

"Sasa hayo mafuta unayosema yamepungua uliyapimaje?"

"Geji, mzee."

Akaigeukia pikapu yangu, akaitazama kwa huruma. "Geji ya gari hilo. Gari ambalo hata saa yake imesimama."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini alikuwa hacheki, nikajizuia. Aliniambia amemwomba Beka asiende dukani kwanza, asubiri Jumapili mbili. "Fedha ya matairi ya mtu ina watu watatu juu yake," akasema. "Kabla haijageuka kava, tupime." Nikakubali kwa hasira, nia yangu nimuumbue.

Jumapili ya kwanza tukaenda kituo cha mafuta mapema, mji bado umelala. Tukajaza upepo matairi yote, tukajaza mafuta mpaka yakaonekana shingoni mwa tangi. Nyuma tukaweka mifuko kumi ya saruji, tukafunga kava. Halafu tukazunguka: Kariakoo, Feri, Upanga, Mchikichini, tunarudi Kariakoo, mizunguko kumi. Mzee kakaa kando yangu, macho kwenye mguu wangu. "Usikanyage kama unakimbia polisi," ananiambia. Nikirusha gari kwenye taa anaguna tu. Mwisho tukarudi pampu ile ile, kijana yule yule wa kujaza, mafuta yakarudi shingoni, tukaangalia zimeingia lita ngapi.

Jumapili ya pili hivyo hivyo, saa zile zile, saruji ile ile. Kava tumeliacha nyumbani.

Mwanangu, lita zilikuwa sawa. Kama kulikuwa na tofauti ni kikombe cha chai, na hicho kikombe kiliokolewa na bodi wazi.

Nilisimama pale pampu. Nikamwambia, "Lakini mzee, mshale niliuona kwa macho yangu. Ulikuwa unashuka taratibu. Sikusema uongo."

"Najua hukusema uongo. Tangu ufunge kava, Mama Elia umempelekea marobota mangapi?"

Sikuwa nimempelekea hata moja. Marobota hayaingii chini ya kava. Hata moja likisimama linagusa. Wiki zote hizo nilikuwa namwambia Mama Elia gari lina kazi nyingine, nabeba makreti na maboksi yanayoenea, naona fahari kupita na bodi iliyofungwa kama ya gari la bosi.

"Gari lako limekunywa kidogo kwa sababu limefanya kazi kidogo," Mzee Chilala akasema. "Hata ukilifungia uani litakuokolea mafuta." Akaingia ndani ya gari, akafunga mlango polepole. Tulipokaribia kijiweni akaniuliza jambo moja tu. "Kesho utasema wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi, mzee."

Usiku ule ulikuwa mrefu, tuuache. Jumatatu asubuhi nikasimama pale pale nilipohubiria. Nikawaambia nilikosea, nikawaeleza na nilivyokosea. Walicheka, acha kabisa. Mmoja akaniuliza kama uprofesa narudisha au nabaki nao. Beka peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo ninunue matairi?"

"Nunua matairi."

"Leo?"

"Leo. Twende nikusindikize."

Tukaenda wote, mchana tukamfungia manne mapya. Kisha nikaenda stoo kwa Mama Elia, kichwa chini. Nikamweleza kila kitu. Akanitazama toka juu mpaka viatu.

"Yaani Saidi ulikuwa unanikimbia kwa ajili ya mfuniko?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kaondoe huo mfuniko wa sufuria uje upakie. Mzigo umekaa hapa tangu Alhamisi."

Basi. Hakuongeza la pili. Nikapakia.

Masika yaliyofuata, siku ya mvua kubwa, Beka alikuwa anarudi kutoka Mkuranga na familia yake mbele. Lori likasimama ghafla mbele yake kwenye mteremko. Akakanyaga breki, gari likashika barabara, likasimama hatua chache nyuma ya lori. Akafika kijiweni. Alishusha mihogo, akaniwekea fungu miguuni, akaenda akaligusa tairi la mbele kwa mkono. Mkewe ndiye aliyenisimulia. Tangu siku hiyo kila nikikaa kwenye baraza yangu na kuwaza kilichokuwa kitokee kwa neno langu, ule "mwezi na nusu" wangu, namshukuru Mungu, halafu namshukuru Mzee Chilala. Ametangulia mbele ya haki sasa. Nilimshukuru angali hai, nikamwambia waziwazi, na yeye akanijibu kwamba asante ya maneno imetosha, sasa nimnunulie kahawa.

Sasa nikwambie la kava lenyewe, maana huenda nawe umenunua pikapu na simu yako imejaa watu wanaokuuzia. Kava ni zuri. Linazuia mvua, linazuia vibaka wa kwenye foleni. Lile langu sikulitupa, nililifunga siku za maboksi na kulivua siku za marobota. Niliwahi kwenda nalo Chalinze, barabara nyeupe haina magari, bodi tupu, mwendo mkubwa, na nilipojaza tangi niliona kama limesaidia kidogo, kidogo nisichoweza kukiapia. Wenye elimu wanasema upepo una nguvu gari likikimbia. Sibishani nao. Ila Kariakoo, mwanangu, gari linakimbia saa ngapi? Mafuta yako hapa mjini yanaliwa na mguu wako mzito, na tairi lisilo na upepo, na filta uliyosahau kubadilisha, na mzigo. Na mzigo usiuchukie, ndio unaokulisha.

Ukitaka kujua gari lako linakunywa nini, jaza tangi, beba unachobeba siku zote, pita unakopita siku zote, ujaze tena. Usiulize mshale. Ukiona kitu kimepungua, jiulize kwanza ni nini kingine umeacha kukifanya. Na mtu akikuuliza, naye ana fedha moja na mahitaji mawili, usimjibu kwa sababu watu wanakutazama. Sema hujui. Mimi kulisema hilo neno kulinichukua Jumapili mbili na mzee mmoja.

Mungu akulindie gari lako na wote unaowabeba ndani yake. Akupe mzigo mwingi na breki zinazoshika. Akupe na Mzee Chilala wako, atakayekuita pembeni akuambie ukweli ukiwa peke yako, halafu akupe kifua cha kwenda kuusema mwenyewe mbele za watu.