Kizibo cha Waya

Hii aibu nimeibeba peke yangu. Mwaka wa tisini na saba nilikuwa karani Malaba, katika ofisi ya kutayarisha karatasi za kuvukia mpaka. Kompyuta zetu nne zilipitiwa na waya mmoja. Asubuhi moja nikifagia, nikaona mwisho wa waya una kizibo cha chuma chenye kamnyororo, kinang'aa. Pale waya hauendi popote, mimi mwerevu nikawaza. Nikakichomoa, nikatungia funguo zangu.

Kompyuta zote zikaacha kuwasiliana. Nje kulikuwa na pikapu yenye jeneza. Mama mmoja alikuwa akimpeleka mumewe kuzikwa Tororo, na karatasi zake zilikwama humo ndani.

"Vumilia, mama. Ni hizi mashine," nikamwambia mara tatu, jua likizidi.

Saa tisa fundi akafika kutoka Kisumu.

"Waya huu huzibwa pande zote mbili, boss. Ukiacha wazi, ujumbe unagonga mwisho, unarudi kuvuruga ujumbe mwingine. Nani ametoa kizibo?"

Akaniomba nimfungulie stoo atafute kingine. Nikatoa funguo.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikitazama kizibo kikining'inia mkononi mwangu, akauliza polepole, "Kwani mzee wangu amekuwa akingojea hicho?"