Sura Niliyoinywa

Niliamini, na ningekula yamini mbele ya kadhi, kwamba yule mzee wa Kituruki aliyepanga ghorofani kwetu Malindi alikuwa na jini kutoka Istanbul linalomsomea maneno ya kuandika, na kwamba jini hilo halianzi kazi mpaka linywe kahawa vikombe saba. Kila alasiri tulimsikia akizungumza peke yake, kisha kalamu ya wino ikakwaruza. Mji mzima ulijua. Hata ng'ombe wa Tezo walijua.

Mimi nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu, fundi wa mabomba, ndiyo kwanza najifunza kusoma shule ya jioni. Mtihani ulikaribia na kichwa kilikuwa kizito kama tangi la maji. Nikapanda ngazi.

"Shikamoo mzee. Nakuomba uniandikie."

"Marahaba. Unataka maandishi yangu? Wewe?"

"Wallahi, nayahitaji kuliko chakula."

Kiswahili alikijua, kwa miaka mingi aliyokaa pwani. Baada ya wiki mbili akanikabidhi karatasi zilizokunjwa. "Wewe ndiye wa kwanza," akasema.

Sasa kombe, yaani maandishi ya dawa, kama tulivyolelewa, hulichungulii kuona limeandikwa nini. Unaliroweka kwa marashi, wino ukishatoka unapiga bismillahi, unakunywa. Sikuzikunjua hata. Zilijaza sufuria ya pilau! Nilikunywa siku tatu, ulimi ukawa buluu hadi kooni.

Tulipokutana ngazini akaniuliza, "Umefika mwisho?"

"Sikubakisha chochote, mzee! Ila mwisho ulikuwa mchungu kidogo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndivyo nilivyotaka," akasema, akafuta macho. Uso ule ndio unaoninyima raha mpaka leo.

Mtihani nilipita. Yeye akafariki, tukamzika wachache. Haukupita muda, riwaya yake iliyokataliwa kwao maisha yake yote ikachapishwa huko Uturuki, ikasomwa nchi nzima. Binti yake akaja na kitabu mkononi, akitafuta sura ya kwanza ambayo babake aliiandika upya kwa Kiswahili. Alikuwa amemwandikia kwamba jirani wa chini, msomaji pekee aliyempata, aliisoma hadi mwisho.

Nikamweleza yote: jini, kahawa, sufuria. Nilidhani atacheka. Badala yake akasema kwa Kiingereza cha polepole ili nimfuate:

"Baba hakuwa na jini. Alikuwa akijisomea sentensi zake. Zile karatasi alikuandikia usome."